Miezi sita baada ya upasuaji wa ACL: acheze au asubiri?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mdogo wangu ana miaka 21, ni winga wa klabu ya ligi kuu. Alikuwa anakimbia kumkaba beki, akasimama ghafla ili ageuke naye, goti likatoa mlio akaanguka. Hakuguswa na mtu. Picha ya MRI ilionyesha ACL (ligamenti ya katikati ya goti) imekatika na meniskasi (mto wa ndani ya goti) imechanika, akafanyiwa upasuaji. Sasa ametimiza miezi sita. Goti haliumi, anakimbia vizuri, anapiga mashuti kama zamani. Zimebaki mechi chache za kuamua ubingwa na kocha anataka awe benchi, aingie dakika 20 za mwisho. Nikimwambia asubiri, ananijibu kwamba Sami Khedira, kiungo wa Ujerumani, alirudi ndani ya miezi sita na akachukua Kombe la Dunia. Mimi si mtu wa mpira, lakini moyo wangu unasita. Je, acheze?

Jibu: Dada, asicheze mechi hizo. Nimelitanguliza jibu ili usihangaike kulitafuta huko chini. Hata hivyo najua "hapana" tupu haitamtosha kijana aliyekaa nje nusu mwaka akiwatazama wenzake, wala haitamtosha kocha wake. Nitaeleza kwa urefu, na ningependa msome pamoja.

Tuanzie ndani ya goti lenyewe. ACL ni ligamenti, yaani ukanda imara unaofunga mfupa kwa mfupa, inayopita katikati ya goti kwa mshazari, kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa muundi. Kazi yake ni kuuzuia muundi usichomoke kwenda mbele, na kulituliza goti mtu anapogeuka mguu ukiwa umekanyaga chini. Mtu anaweza kutembea, hata kukimbia mbio za moja kwa moja, bila ACL nzima. Kinachomshinda ni kusimama ghafla, kukata kona na kutua kutoka juu, na hizo ndizo kazi za winga. Ndiyo maana wachezaji wa kulipwa karibu wote hupelekwa kwenye upasuaji.

Katika upasuaji huo, daktari kwa kawaida haishoni ile iliyokatika. Huchukua kipande cha kano kutoka sehemu nyingine ya mguu wa mchezaji mwenyewe, aghalabu kano iliyo chini ya pia ya goti au kano za misuli ya nyuma ya paja, akatoboa njia katika mifupa miwili, akakipitisha humo na kukikaza. Kipande hicho kinapowekwa hakina damu yake. Seli zake nyingi hufa katika wiki za mwanzo. Baadaye mishipa midogo ya damu huanza kuingia, seli mpya huhamia humo, na mwili huanza kuibomoa ile tishu ya zamani huku ukijenga mpya. Wakati wa kubomoa, nguvu hushuka kabla ya kupanda: kipande kinakuwa dhaifu zaidi miezi miwili au mitatu baada ya upasuaji kuliko siku kilipowekwa. Ujenzi huendelea mwaka mzima na zaidi, kwa baadhi ya watu hadi miaka miwili. Ni kama mche uliohamishiwa shamba jipya: majani yanaweza kuwa mabichi na mizizi bado haijashika.

Sasa fikiria neno lako "haliumi". Ligamenti ya asili ilikuwa na neva zake, zilizoueleza ubongo goti limekaa vipi na linavutwa upande gani. Kipande kipya hakikuja na neva hizo. Kinaweza kuwa na nusu ya uimara unaohitajika na kisimletee mdogo wako maumivu yoyote. Katika jeraha hili maumivu ni shahidi dhaifu sana, na kwa bahati mbaya ndiye shahidi anayesikilizwa kuliko wote vyumbani mwa kubadilishia nguo.

Tunajua nini kuhusu muda? Utafiti mmoja wa watafiti wa Oslo, Norway, wakishirikiana na wenzao wa Delaware, Marekani, uliochapishwa mwaka 2016, uliwafuatilia kwa miaka miwili watu waliofanyiwa upasuaji huu, wakiwemo wale waliorudi kwenye michezo ya kugeuka na kuruka. Kwa kila mwezi mtu aliousubiri kabla ya kurudi, kasi ya kuumia goti tena ilishuka kwa asilimia 51, hadi kufikia mwezi wa tisa. Baada ya hapo, kuongeza miezi hakukuonyesha tofauti kubwa. Unaona mahali alipo mdogo wako: yuko katika kipande kile cha kalenda ambacho kila mwezi mmoja unapunguza hatari karibu nusu. Miezi mitatu anayoiona kama hasara ndiyo miezi yenye faida kubwa kuliko yoyote katika safari yake nzima.

Nikisema tisa, simaanishi kwamba siku ya kutimiza miezi tisa mlango unafunguka wenyewe. Tisa ndiyo sakafu. Katika utafiti huohuo, waliofaulu vipimo vyote kabla ya kurudi, asilimia 5.6 waliumia goti tena. Waliorudi bila kufaulu, asilimia 38.2. Kalenda peke yake haimrudishi mchezaji uwanjani. Goti linapaswa kufaulu mtihani, na hilo ndilo jambo moja ninalotaka wewe na yeye mlishike kuliko mengine yote niliyoandika hapa.

Umri nao unahesabiwa. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi uliona kwamba wanamichezo wa chini ya miaka 25 waliorudi kwenye mchezo, asilimia 23 walikata ACL tena, iwe katika goti lilelile au la upande wa pili. Karibu mmoja kati ya wanne. Vijana hurudi mapema, hurudi kwenye michezo mikali zaidi, na mbele yao kuna miaka mingi ya kujiweka hatarini. Miaka 21 ni kundi hilohilo.

Kuhusu Khedira, mdogo wako hasemi uongo. ACL yake ilikatika Novemba 2013 katika mechi ya Ujerumani na Italia. Mei 2014 alikuwa uwanjani na Real Madrid, akaanza fainali ya Ligi ya Mabingwa, akaenda Brazil kwenye Kombe la Dunia na kufunga katika ile nusu fainali ya 7-1 dhidi ya wenyeji. Siku ya fainali ya Kombe la Dunia alikuwa katika kikosi cha kuanza, akaumia msuli wa shavu la mguu wakati wa kupasha moto, na nafasi yake ikachukuliwa na Christoph Kramer. Sidai kwamba msuli ule uliumia kwa sababu ya goti, hakuna awezaye kulithibitisha hilo. Ninachosema ni kwamba hadithi anayoisimulia mdogo wako ina kipande kinachorukwa kila mara.

Na kuna majina ambayo hayasimuliwi kabisa. Giuseppe Rossi alikata ACL ya goti la kulia Oktoba 2011 akiwa Villarreal, na Aprili 2012, akiwa bado anajijenga upya, akaikata tena goti lilelile. Holger Badstuber wa Bayern Munich aliumia Desemba 2012, kisha Mei 2013 kipande kipya kikakatika kabla hajacheza mechi hata moja. Éder Militão wa Real Madrid aliumia goti la kushoto Agosti 2023, akarudi kabla ya kufika miezi minane, na Novemba 2024 likaenda goti la kulia. Wachezaji hawa wote walikuwa na madaktari bora kuliko tutakaowapata mimi na wewe. Khedira anakumbukwa kwa sababu alirudi haraka na mambo yakaenda. Ukitaka kujua hatari ya barabara huwaulizi waliofika peke yao.

Kwa picha pana zaidi kuna takwimu za klabu kubwa za Ulaya zilizokusanywa na watafiti wa UEFA tangu msimu wa 2001. Wachezaji wengi walirudi mazoezini kamili karibu miezi 6.6 baada ya upasuaji, na kwenye mechi karibu miezi 7.4. Kwa hiyo ni kweli kwamba klabu kubwa zimekuwa zikiwarudisha watu kabla ya miezi tisa, na kocha akikwambia hivyo hajakudanganya. Lakini endelea kusoma takwimu hizohizo. Miaka mitatu baadaye asilimia 86 walikuwa bado wanacheza mpira, ila asilimia 65 tu ndio waliokuwa bado katika kiwango cha juu kama kile walichokuwa nacho kabla ya kuumia. Mchezaji mmoja kati ya watatu alikuwa ameshuka au ameacha. Mdogo wako anafikiria mechi chache zijazo, wakati wewe na mimi tunapaswa kufikiria atakapokuwa na miaka 24.

Naomba nikae kidogo kwenye zile "dakika 20 za mwisho", kwa sababu makocha wengi huzitoa kwa nia njema, wakiamini ni kumpunguzia mzigo. Watafiti walipitia video za majeraha 134 ya ACL ya wachezaji wa kulipwa Italia. Ni asilimia 12 tu yaliyotokana na kugongwa moja kwa moja kwenye goti. Mengine, ama hakukuwa na mguso wowote, ama mchezaji alisukumwa au kugongwa sehemu nyingine ya mwili na goti likalipa gharama. Hali iliyoongoza ni ileile iliyomwangusha mdogo wako: kumkimbilia mwenye mpira ili kumkaba, kisha kusimama ghafla na kubadili upande. Na zaidi ya asilimia 60 yalitokea kipindi cha kwanza, miili ikiwa bado haijachoka. Maana yake ni kwamba ACL haikatiki kwa sababu ya dakika nyingi. Inakatika kwa hatua moja, chini ya sekunde moja. Winga anayeingia dakika ya 70 mechi ikiwa wazi, mwili umetoka benchi, kila mpira unaamua ubingwa, anapewa hatua za aina hiyo nyingi kuliko aliyeanza taratibu. Kama ni suala la kumpunguzia mzigo, mechi ya kirafiki au ya kikosi cha akiba ndiyo mahali pake, tena baada ya vipimo.

Sasa vipimo vyenyewe. Mwombe mdogo wako aulize idara ya tiba ya klabu maswali yafuatayo, na aombe majibu kwa maandishi yenye tarakimu.

La kwanza ni uvimbe. Goti likijaa maji siku moja baada ya mazoezi makali, hata kidogo, hata bila maumivu, linasema mzigo umelizidi. Goti linalojaa halipandi hatua inayofuata. Na hapa nitoe onyo bila kupindapinda: sindano ya kukausha uvimbe au ya kuua maumivu ili mtu aweze kucheza Jumamosi haiponyi chochote katika jeraha hili. Inamnyamazisha shahidi. Akipewa pendekezo hilo, akatae.

La pili ni kunyoosha goti hadi mwisho, sawa na la upande wa pili. Watu hulipuuza kwa sababu tofauti ni ya nyuzi chache tu, lakini goti lisilonyooka humfanya mtu akimbie akiwa amejikunja, na msuli wa mbele ya paja haupati kufanya kazi yake kamili.

Msuli huo ndio moyo wa mambo yote. Goti linapoumia na kuvimba, ubongo hupunguza amri unayoupelekea msuli wa mbele ya paja, kama njia ya kulilinda. Msuli husinyaa haraka sana, na hauamki wenyewe kwa sababu tu uvimbe umekwisha. Unaweza kuona paja limenenepa tena na nguvu bado haijarudi. Watafiti wale wa Oslo na Delaware waliona kwamba kwa kila asilimia moja ambayo msuli wa mguu ulioumia uliukaribia ule wa mguu mzima, kasi ya kuumia tena ilishuka kwa asilimia 3. Zidisha hiyo kwa mchezaji aliyebaki nyuma kwa asilimia 20, utaona kwa nini nalisisitiza. Kiwango cha chini tunachodai ni asilimia 90 ya mguu wa pili, na kwa mchezaji wa kulipwa mimi hupenda kukaribia 100. Kipimo kizuri hufanywa kwa mashine maalumu inayopima nguvu katika kasi tofauti. Kama klabu haina, kuna vipima-nguvu vya mkononi vinavyofungwa kwa mkanda, au hata mashine ya kawaida ya kunyoosha goti kwenye gimu, mguu mmoja mmoja, ikisimamiwa na mtu anayeijua. Kuangalia kwa macho au kumwambia "nisukume hapa" hakupimi chochote kwa kijana mwenye nguvu kama zake.

Kuna mtego humo. Mguu mzima nao ulikaa nje miezi sita, nao umepungua. Ukilinganisha mguu mbovu na mguu uliodhoofika unaweza kupata asilimia 95 nzuri sana kwenye karatasi, na miguu yote miwili ikawa chini ya ilivyokuwa kabla ya kuumia. Kama klabu ilimpima mwanzo wa msimu, namba zile ndizo za kulinganisha. Kama haikumpima, basi nguvu ilinganishwe na uzito wa mwili wake.

Kisha huja kuruka kwa mguu mmoja: mara moja, mara tatu mfululizo, mara tatu kwa kuvuka mstari, na umbali wa mita sita huku muda ukipimwa. Vipimo hivyo vina faida yake, ila mchezaji mjanja anaweza kuruka mbali akitumia nyonga na kifundo huku goti likijificha. Ndiyo maana namtaka mtazamaji aangalie anavyotua, na apimwe pia kuruka juu kwa mguu mmoja, ambako goti halina pa kujificha. Halafu mbio za kubadili upande kwa kasi, na mazoezi ya uwanjani yaliyokamilika hatua zote.

Hospitali ya michezo ya Aspetar iliyoko Doha iliwafuatilia wanamichezo wa kulipwa 158 waliofanyiwa upasuaji huu. Kipande kipya kilikatika kwa 26. Walioondoka bila kutimiza vigezo vyote sita vya hospitali hiyo walikuwa na hatari karibu mara nne ya waliovitimiza. Hao ni watu wa kazi moja na mdogo wako, wenye miili kama yake na presha kama yake, ndiyo maana nauheshimu sana utafiti huo.

Kipimo cha mwisho hakipimwi kwa mashine. Kuna dodoso lenye maswali 12 linalouliza kuhusu hofu, kujiamini na utayari wa akili kurudi kwenye mchezo. Vijana wengi hulijaza kwa ushujaa mbele ya kocha. Mtu wa nyumbani husikia ukweli zaidi. Muulize, siku moja mkiwa peke yenu, kama akiwa uwanjani analifikiria goti. Mchezaji anayelifikiria goti huchelewa kuamua, hukanyaga vibaya, huuhamishia mwili mguu wa pili. Hofu hiyo si udhaifu wa moyo. Hupungua kwa kufanya mara nyingi, kwa hatua, kile kitendo kilichomuumiza, na mwanasaikolojia wa michezo akipatikana husaidia sana.

Umetaja meniskasi, na hujasema ilifanywa nini. Hili ulizeni leo. Kama daktari alikata tu kipande kilichochanika, ratiba haibadiliki sana. Kama aliishona, basi kuna mshono mwingine unaopona taratibu ndani ya goti hilohilo, na kuchuchumaa sana na kutua kwa nguvu vilipaswa kucheleweshwa. Meniskasi ndiyo inayopokea mishtuko kabla haijafika kwenye gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa. Mshono ukiachia, mara nyingi kinachofuata ni kukatwa, na goti lililokatwa meniskasi huchakaa mapema. Mtu huyu ataishi na goti hilo miaka mingi baada ya kuacha mpira.

Pengine utasikia mtu akisema "fulani naye alichana ligamenti, wiki nne akarudi". Inawezekana kabisa. Ligamenti ya upande wa ndani wa goti ina damu ya kutosha na mara nyingi hupona bila kisu. Katika takwimu za klabu za UEFA wastani wa kukaa nje kwa jeraha hilo ulikuwa siku 23. Ni goti lilelile na neno lilelile, lakini jeraha jingine. Vivyo hivyo kwa Ronaldo wa Brazil, ambaye wengi humtaja kana kwamba alikuwa na ACL. Yeye aliumia kano ya chini ya pia ya goti Novemba 1999 akiwa Inter. Alirudi Aprili 2000 katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio, akacheza dakika chache, kano ikakatika yote. Alikuja kufunga mabao 8 na kuibeba Brazil kwenye Kombe la Dunia la 2002, lakini katikati yake alipoteza muda mrefu kuliko ule aliojaribu kuuokoa.

Kama mdogo wako anahitaji mfano wa kumfariji, ampate Virgil van Dijk, beki wa Uholanzi. Aliumia Oktoba 2020. Mashindano ya Euro yaliyochezwa katikati ya 2021 yalikuwa mbele yake na Uholanzi ilimhitaji, akakataa kwenda. Alirejea ligini Agosti 2021, karibu miezi kumi tangu aumie, na amecheza misimu mingi mikubwa tangu hapo. Alexia Putellas, kiungo wa Hispania, aliumia ACL Julai 2022, siku moja kabla ya kuanza Euro ya wanawake, akarudi mwishoni mwa Aprili 2023, na miezi michache baadaye akawa bingwa wa dunia na Hispania. Namtaja kwa makusudi. Wachezaji wanawake hukata ACL mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na bado wengi wao hupata huduma ndogo zaidi baada ya upasuaji. Kama msomaji mwingine ana binti au dada anayecheza, kila nilichosema hapa kinamhusu kwa uzito uleule au zaidi.

Atumieje basi miezi mitatu ijayo? Simwambii akae nyumbani. Anapaswa kuwa katika kipindi kigumu kuliko vyote. Gimu mara tatu kwa wiki kwa uzito wa kweli, msuli wa mbele ya paja ukipewa kipaumbele na wa nyuma usisahauliwe, hasa kama kano ilichukuliwa huko. Uwanjani aanze na kupunguza mwendo kutoka kasi ndogo, kisha kubwa. Kukata kona anakokujua, kisha kukata kona kwa kumfuata mtu asiyejua atakwenda wapi. Hilo la pili ndilo linalokosekana katika programu nyingi. Anaweza kuzunguka koni vizuri kabisa na bado asiwe tayari kumkaba beki anayemdanganya kwa mwili. Baada ya hapo aingie mazoezi ya timu bila kukabwa, kisha ya kukabwa, kisha wiki kadhaa za mazoezi kamili, kisha mechi ya kirafiki. Kama klabu ina fulana za kupima mwendo, kasi yake ya juu na idadi ya kusimama ghafla vilinganishwe na alivyokuwa kwenye mechi kabla ya kuumia. Wataalamu wa tiba ya michezo hutenganisha kurudi mazoezini, kurudi kwenye mechi na kurudi kwenye kiwango. Klabu nyingi hushangilia hatua ya pili na kuisahau ya tatu, ambayo inaweza kuchukua msimu mzima.

Na akisharudi, mazoezi ya kujikinga hayaishi. Programu ya kupasha moto ya FIFA, ile ya 11+, ikifanywa kwa uaminifu angalau mara mbili kwa wiki imeonyesha kupunguza majeraha kwa karibu theluthi au zaidi. Ajumuishe goti la upande wa pili pia, kwa kuwa hatari haichagui upande.

Kuhusu kocha, simwoni kama adui. Ana ubingwa wa kutafuta na mchezaji anayemwambia "niko tayari". Ndiyo maana uamuzi haufai kuachwa kwa mmoja. Mdogo wako aombe kikao cha daktari aliyempasua, mtaalamu wa tiba ya viungo wa klabu na kocha wakiwa pamoja, matokeo ya vipimo yakiwa mezani. Ana haki ya kuomba nakala ya ripoti ya upasuaji, na ana haki ya kwenda kwa daktari mwingine kwa maoni ya pili. Kama ana wakala, wakala aandike barua kuomba hayo ili yeye asionekane mkaidi. Kama mkataba wake unakwisha msimu huu, na nahisi hilo linaweza kuwa sehemu ya haraka yake, lizungumzwe wazi hapohapo. Klabu inaweza kukubali kuongeza miezi kadhaa kwa mchezaji anayeumia kazini kwake, na hata isipokubali, timu nyingine itamsajili kirahisi zaidi akiwa na goti moja lililopona na karatasi ya vipimo kuliko akiwa na upasuaji wa pili.

Apimwe sasa, katika mwezi huu wa sita, ili ajue amepungukiwa wapi. Apimwe tena baada ya wiki sita, na tena karibu na mwezi wa tisa. Akifeli kipimo kimoja mwezi wa tisa, arudi kwenye kazi ya kipimo hicho wiki nne hadi sita, kisha ajaribu upya. Niandikie namba za kipimo cha kwanza mkishazipata, pamoja na lile jibu la meniskasi, nami nitawaambia ninavyozisoma.